Kijiko Kimoja kwa Watu Wanne

Jumamosi iliyopita, saa nane mchana, Eliwaza aliota kwamba kijiko kimebisha hodi.

Hakuwa mtu wa kulala mchana. Lakini magoti yalikuwa yanamuuma tangu alfajiri, na vyombo alikwisha kuosha, kwa hiyo akajinyoosha kitandani, nyumbani kwao Same mjini, huku mumewe Senkondo akigonga vyuma uani. Wiki sita kabla, nesi wa kliniki alimpima presha, akatikisa kichwa. "Mama, punguza uzito, la sivyo utaacha watoto. Kijiko kimoja cha mafuta kwa sufuria ya familia nzima, basi." Eliwaza akatii. Maharage akayachemsha na nyanya na karoti, dagaa akawapika kwa ndimu, vitunguu vya kukaanga akavisahau. Wiki sita, na uzito haukusogea.

Basi hodi ikapigwa, akafungua. Kijiko kimesimama kizingitini, kimevaa tai.

"Ndiye mimi," kinasema. "Kijiko kimoja. Nimetumwa na kliniki."

"Karibu, pita ndani," anasema Eliwaza, na anakivutia kigoda.

Kijiko hakikai. Kinachungulia sufuria, kinauliza wako wangapi nyumbani. Wanne, anajibu: yeye, Senkondo, Nakijwa wa miaka tisa na Kirisha wa miaka sita.

"Robo kijiko kila mtu. Waite wapakwe."

Wanapanga foleni. Kijiko kinampaka kila mmoja tone la mafuta kwenye paji la uso, kinafuta kingo zake kwa leso. "Haya. Wameshakula."

"Na sisi?" yanauliza maharage kutoka ndani ya sufuria. "Sisi tuliambiwa kutakuwa na kitunguu."

"Poleni," Eliwaza anayaambia. "Hata mimi niliambiwa."

Anageuka kuchukua chumvi, na jiko lenyewe halipo tena. Yuko kliniki, kwenye benchi, pembeni ya kabichi aliyejifunga kanga.

"Umemleta nani?" anamuuliza, ili wapate mazungumzo.

"Mwanangu," anasema kabichi. "Hashibishi."

Mizani inaita jina la Eliwaza. Anavua viatu, anapanda.

"Kilo tisini na sita," inasema mizani kwa sauti ya mtu aliyechoka na kazi. "Kama juzi."

"Lakini mimi sili! Napakua kiganja tu!"

"Zako ni themanini na nane. Hizo nane nyingine ni za watoto."

"Zimenifikiaje?"

"Wanakula matonge mawili, wanasukuma sahani. Wewe unaona dhambi kumwaga. Unamalizia jikoni, umesimama. Ukila umesimama huwa unajiambia hujala."

Eliwaza anatazama miguu yake juu ya mizani. Ni kweli huwa anasimama.

"Nizishushe basi, niwarudishie."

"Mimi napima tu," inasema mizani. "Ila ukimbie. Upepo umeanza."

Anatoka kliniki na mlango unamtoa uani kwake. Senkondo anawafunga watoto kwa waya kwenye geti. Wamekuwa wembamba kama maganda ya kitunguu, mwanga unawapita.

"Wamekuwa wepesi, Mama Nakijwa," anasema Senkondo bila kuinua macho. "Nikaona niwakaze kabla ya jioni."

"Mama, hatuumwi," anasema Nakijwa. "Tunapungua tu."

Waya unalegea. Kirisha anadakwa kisigino na baba yake. Nakijwa anapanda taratibu, anapita paa, anapita waya za umeme. Eliwaza anataka kukimbia, lakini magoti yanakataa. "Tulikwambia upungue wewe," yanasema. Anafungua kinywa amwite mtoto jina lake, na jina halitoki, kwa sababu kinywa kimejaa maharage ya Nakijwa.

Akaamka anatafuna.

Nyundo ya Senkondo ilikuwa bado inagonga. Nakijwa alikuwa amesimama mlangoni, miguu chini, ameshika sketi yake ya shule.

"Mama, hii naifua na nguo gani?"

Eliwaza akaivuta karibu. Kiunoni sketi ilikuwa imekunjwa mara mbili na kubanwa kwa pini, moja kila upande. Si yeye aliyeziweka.

"Pini hizi za nini?"

"Ilikuwa inadondoka mstarini."

"Tangu lini?"

Nakijwa akafikiri. "Tangu tuache vitunguu."

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Baba alisema unaumwa, tule tu."

Eliwaza akazichomoa pini moja moja, akamzungushia mtoto sketi kiunoni. Ilizidi kwa viganja viwili. Akakaa nayo mapajani mpaka Nakijwa akachoka kusubiri akaenda zake kucheza.

Jioni alipakua maharage yake kwanza, yakiwa ya kuchemsha tu vilevile. Kisha akabandika kikaango, akamimina mafuta bila kupima, akakaanga vitunguu mpaka jirani akauliza kuna sherehe gani, akavimwagia kwenye sufuria ya wenzake. Watoto walikula yote. Walifuta sahani kwa vidole, wakakwangua na sufuria, hakikubaki kitu cha mtu kumalizia.

Eliwaza alikula chakula chake amekaa. Kilikwisha mapema. Presha yake ilikuwa ileile na kliniki ilikuwa Jumatano, na kwa mara ya kwanza katika wiki zote zile, alishikwa na njaa ya kweli.