Kadi ya Mwisho ya Afande Joash

Jumanne moja ya mwaka 1997 Afande Joash alirudi kutoka Mbale, akaweka kadi ya pili juu ya meza yangu.

"Madamu Ishrat, hii ndiyo ya mwisho," alisema. "Ingine hakuna."

Joash alikuwa askari wa gereza moja kule Mbale, tena ndiye aliyetunza rekodi za vifungo. Kompyuta ya gereza ilikuwa imekufa, na karatasi zilioza paa lilipovuja. Kilichobaki ni nakala mbili kwenye kadi nyembamba za kuhifadhia kumbukumbu. Mfungwa mmoja, Mzee Omollo, alidai kwamba kifungo chake kimekwisha, na bila rekodi hakuna aliyemsikiliza.

Kadi ya kwanza niliichomeka kwenye mashine ya duka langu la kompyuta hapa Jinja wiki iliyotangulia, ikafa. Nilimwambia Joash kwamba ilikuja ikiwa mbovu, tena kwa sauti ya mtu anayepotezewa wakati. Sipendi kuulizwa maswali dukani mwangu. Lakini tangu siku hiyo roho ilinisuta.

Safari hii nikampa chai, nikafungua draiva niliyoiandika mwenyewe, yaani programu inayoielekeza mashine jinsi ya kuzungumza na kadi na iipe umeme kiasi gani. Kadi za zamani zilitaka volti tano. Hizi mpya zilitaka tatu na ushei. Mashine yangu haikuweza kuzitofautisha, kwa hiyo draiva ilianza na kiwango cha chini, na kadi isipojibu papo hapo, ilipandisha hadi tano.

Nikausoma tena mstari huo wa kupandisha umeme. Niliuandika kwa raha zangu, maana ndivyo tunavyoishi Jinja. Bwawa la umeme liko hapo hapo, lakini umeme unafika dukani ukiwa umechoka. Friji ikianza kuguna, kila mtu anajua dawa yake: unazungusha stebilaiza, kile kisanduku cha kusawazisha umeme, unaongeza. Nami nikaitia tabia hiyo ndani ya draiva. Kadi ya Joash ilikuwa nzito kuamka tu, nikaichoma.

"Afande," nilisema, "ile ya kwanza haikuwa mbovu. Niliiunguza mimi."

Alikishusha kikombe taratibu. Niliona aibu zaidi kuliko kama angenifokea.

"Na hii?" aliuliza.

"Kosa nimeliona. Lakini sina kadi nyingine kama hii ya kujaribia."

Akanisogezea kadi. "Mzee Omollo, yeye nauliza mimi kila asubuhi. Mimi nasema, ngoja. Sasa wewe weka tu, madamu. Lakini pole pole."

Niliufuta ule mstari. Nikaandika mwingine: toa umeme wa chini, subiri, uliza, subiri, uliza tena, jibu likikosekana, zima. Amri ya kupandisha nikaiondoa kabisa. Kisha nikaichomeka kadi.

Mara ya kwanza haikujibu. Ya pili, kimya. Ya tatu nikaanza kuogopa kweli kweli, nikaikalia mikono yangu ili nisiguse kitu. Mara ya sita kadi ikajibu, na majina yakaanza kushuka kwenye skrini.

Joash aliinama, akayafuata kwa kidole mpaka kwa Omollo. Akasoma tarehe ya kutoka, akairudia. Ilikuwa ya mwezi wa tatu. Sisi tulikuwa mwezi wa kumi na moja.

"Miezi nane," nilisema.

Nilimchapia nakala mbili. Alizikunja, akazitia mfukoni mwa shati la kazi, akafunga kifungo, lakini hakuondoka. Alisimama pale mlangoni akiitazama barabara ya Mbale.

"Ufunguo ya chumba ya Mzee Omollo iko na mimi," alisema. "Kila jioni ni mimi nafunga yeye."