Mgongo wa Mkwe Wangu

Kwa muda mrefu nilimjua mkwe wangu kwa mgongo tu. Uso ningeuona wapi? Kwetu Nyakach mama hamtazami mume wa binti yake machoni, hali naye pamoja, halali chini ya paa lake. Na kwao huyo mkwe wangu, Walubengo, huko Kimilili, mambo ni yale yale, labda makali zaidi. Ndiyo sababu binti yangu Dorca alipoolewa na Mbukusu, na majirani wakanung'unika kwamba watu hao hawajui samaki, mimi nilisema angalau heshima wanaijua.

Lakini heshima hiyo ilipangwa na watu wenye boma kubwa. Hawakufikiria chumba kimoja cha kupanga, pale Mamboleo, Kisumu.

Mwaka ulikuwa sitini na nne. Uhuru ulikuwa na miezi miwili, na ziwa lilikuwa linapanda bila kusikiliza mtu. Nyumba yangu ilikuwa chini ya soko la Pap Onditi, upande wa ziwani. Maji yaliingia polepole kama mgeni asiyebisha hodi, leo mlangoni, kesho chini ya kitanda. Mume wangu alikuwa amekufa zamani. Niliyebaki naye ni Dorca peke yake, na Dorca alikuwa na mimba ya kwanza, ya miezi saba. Nikachukua mtungi wa marehemu mama yangu, nikauweka kichwani, nikaenda Kisumu. Vitu vingine niliviacha viogelee.

"Nitakaa siku tatu," nilimwambia Dorca.

"Sawa, Mama," alisema, akanishika mkono na hakuuachia mpaka chai ilipochemka.

Usiku wa kwanza na wa pili nililala kwa jirani yao Rosa, mama mmoja mnene mwenye mdomo, aliyeuza omena, dagaa wa ziwani, pale njia panda. Chumba cha Rosa kilikuwa tayari na watu saba waliokimbia maji ya Kano. Nililala nimekaa. Siku ya tatu Dorca akaniambia habari njema: mume wake amepata kazi ya ulinzi wa usiku. Mchana atakwenda gatini kupakua mizigo kama kawaida, na usiku atalinda. Kwa hiyo usiku chumba ni chetu wanawake, na heshima haijavunjika.

Nilishukuru sana. Maana gatini mambo yalikuwa mabaya. Maji yalikuwa yamefunika mbao za kupakulia, na vibarua wengi walirudishwa mlangoni asubuhi. Kijana aliyepata kazi ya pili wakati kama huo, nilijiambia, huyo ni mwanaume. Nikajisifu hata kwa Rosa.

"Kazi mbili," alisema Rosa, "na bado mnakula omena zangu za mkopo?"

"Wivu, Rosa."

"Sio wivu, Mama Dorca. Mimi nauliza tu."

Maisha yetu yalikuwa hivi. Asubuhi Walubengo anarudi. Anakohoa akiwa mbali, mimi najifunika leso kichwani na kugeukia ukuta. Yeye anaingia kinyumenyume, mgongo mbele, anachukua kikombe ambacho Dorca amemwekea kwenye stuli, anatoka. Anakunywa akiwa amesimama nje. Alikuwa mrefu, na shati lake la kaki lilikuwa na kiraka begani ambacho nilikijua kuliko nilivyojua pua yake.

Siku moja, katika kuingia kinyumenyume, alikanyaga mtungi wa mama yangu. Ukapasuka vipande vitatu.

Nilitazama ukuta. Nilisikia tu pumzi yake, kisha akachuchumaa, mgongo ukiwa bado kwangu, akaokota vipande kimoja kimoja kwa kupapasa, kama kipofu. Hata kipande kidogo cha mdomo wa mtungi hakukiacha. Jioni alileta debe safi la kuchotea maji, amelipiga kingo kwa nyundo ili lisinikate vidole. Na vile vipande aliviweka juu ya kabati, vimefungwa kwa kitambaa. Sikumwambia Dorca, lakini nilivyoona kile kitambaa, mtungi nilimsamehe.

Chakula kilikuwa kidogo. Tulikula ugali wa mtama na muhogo, na omena. Dorca alikuwa anagawa, na mimi nilikuwa napewa sahani yangu nyuma ya pazia. Nilianza kuona kwamba sahani yangu ina omena nyingi mno kwa nyumba ya kibarua.

"Yeye amekula?" niliuliza.

"Amekula. Anasema omena zina macho mengi, zinamtazama."

Rosa alicheka aliposikia. "Mbukusu amezoea kuku. Siku atakayokula omena na kichwa chake, mtanipigia kengele."

Basi, wiki mbili zikapita, mimi bado na siku zangu tatu. Tumbo la Dorca likashuka. Mchana alikuwa ananiomba nimkande kiuno, na usiku tulizungumza juu ya baba yake mpaka anasinzia. Tangu aolewe sikuwahi kukaa naye namna hiyo. Nilikuwa na furaha, nyumba imejaa maji na mimi nina furaha, hata nikaona haya kidogo.

Asubuhi moja Walubengo akakohoa, mimi nikageuka, lakini nikachelewa kidogo. Nikauona mgongo wake vizuri, jua likiupiga. Ulikuwa mweupe, mabega mpaka kiunoni. Unga.

Nilikaa na jambo hilo kutwa nzima. Pale njia panda kulikuwa na kinu cha kusaga mahindi. Mtu anayefanya kazi kwenye kinu hutoka mweupe mbele, kwenye kifua na nyusi. Huyu unga ulikuwa mgongoni. Nikaenda kwa Rosa, nikamkuta anapepeta.

"Rosa, mkwe wangu analinda wapi?"

Rosa akaangalia ungo wake. "Wewe umekawia sana kuuliza."

"Niambie."

"Halindi popote. Mlinzi wa kinu ni mtu wa kwao. Anamruhusu alale juu ya magunia mpaka watu wa mahindi waje asubuhi. Kila mtu hapa anajua, hata mbwa wa kinu."

"Dorca anajua?"

"Dorca ndiye aliyempelekea blanketi."

Nilirudi nikakaa kitandani, kitanda chake. Mwenye nyumba analala juu ya magunia ya watu, na mimi mgeni nanyoosha miguu. Kisha anaamka kwenda kubeba mizigo, kama mizigo ipo. Niliona njia moja tu. Kesho yake Dorca alipokwenda kliniki, nikakunja leso zangu mbili kwenye kikapu. Nyumba yangu ilikuwa na maji, lakini binamu yangu alikuwa na banda la mbuzi mahali pa juu kidogo. Mbuzi hawana neno.

Nilikuwa nafunga kikapu niliposikia kikohozi. Siku hiyo vibarua walikuwa wamerudishwa tena kutoka gatini. Nikageukia ukuta. Walubengo akaingia kinyumenyume, akatafuta kikombe, mkono wake ukagusa kikapu. Akasimama.

Dorca hakuwepo. Hakukuwa na mtu wa kupitishia maneno. Tukabaki hivyo, mimi na ukuta wangu, yeye na mlango wake, mpaka nikasikia anavuta sufuria ya uji iliyokuwa chini.

"Sufuria," alisema kwa Kiswahili chake cha gatini, "muulize Mama anakwenda wapi."

Sikutegemea. Lakini sufuria haina mkwe.

"Sufuria," nikasema, "mwambie baba wa watu ninakwenda kwangu. Siku tatu zimeisha."

"Mwambie Mama kwake kuna maji mpaka dirishani."

"Mwambie mimi ni mtu wa ziwa."

"Mwambie hata viboko ni wa ziwa, na wamehamia shambani kwake. Atalala wapi, mgongoni kwao?"

Nikauma leso nisicheke. "Sufuria, muulize huyo baba, ni mlinzi gani anayelinda amelala chali?"

Nikasikia anajipapasa shati nyuma. Vumbi la unga likaanguka, nikamsikia akipiga chafya.

"Mwambie Mama," alisema mwishowe, "magunia yale ni laini kuliko kitanda changu."

"Mwambie uongo mtamu ni uongo vilevile. Nyumba ni yake. Nitamfukuzaje mtu nyumbani kwake, na mtungi amenilipa debe?"

Alikaa chini, nje ya kizingiti. Aliposema tena, sauti ilikuwa ya chini na hakuitaja sufuria.

"Dorca anaogopa kuzaa. Kabla hujaja alikuwa anaamka analia. Mimi nilimwambia usilie, lakini mimi najua nini? Tangu umekuja analala. Hicho siwezi kumpa, Mama. Kitanda naweza."

Nilitazama ule ukuta wa udongo. Kulikuwa na ufa wenye umbo la mto wenye vijito viwili, nakumbuka mpaka leo. Kama ningeondoka, binti yangu angezaa na hofu. Kama ningekaa, huyu kijana angelala na panya. Na kulala wote chini ya paa moja, hapana, hilo yeye mwenyewe asingekubali, na mimi nisingeweza kuinua macho tena kwetu.

Ndipo nikakumbuka jambo ambalo kila mwanamke wa kwetu analijua. Kwetu nyumba ni mlango. Hata kama ni kibanda cha kuku, kikiwa na mlango wake na paa lake, ni nyumba ya mtu mwingine.

"Sufuria," nikasema, "muulize kama gatini kuna mafunjo."

"Mafunjo?" Nadhani alidhani nimeugua. "Yamejaa. Ziwa limeyang'oa huko mbali, yanaelea kama visiwa. Yanazuia hata mashua. Hakuna anayeyataka."

"Mwambie mimi nayataka."

Mzee Absalom, mwenye nyumba ya kupanga, alikubali tujenge kibanda changu uani, mradi tusigonge msumari kwenye ukuta wake. Kuanzia hapo, kila siku aliyorudishwa kutoka gatini, Walubengo alikata mafunjo na kuyabeba mgongoni mpaka Mamboleo, mwendo mrefu na wa kupanda. Sasa mgongo ulikuja wa kijani, unachuruzika maji. Nilianika, nikasuka mikeka ya ukuta, kama tulivyosuka utotoni. Dorca alikaa karibu nami, na tumbo lake, ananikatia kamba. Sufuria ilifanya kazi sana.

"Sufuria, mwambie hiyo nguzo imelala kama mlevi."

"Mwambie Mama nguzo ni ya Nyakach, imezoea kuegemea maji."

Rosa alikuja na kiti chake kutazama. Alisema hajawahi kuona watu wawili wakijenga nyumba wamepeana migongo, na kama itasimama atampa Walubengo bakuli la omena la bure. Ilisimama. Hatua nne kwa tatu, paa la nyasi na mafunjo, na mlango wake unaotazama kwingine kabisa. Walubengo akaleta omena zake nyumbani, akala nje tukimsikia, na vichwa. Rosa akapiga sufuria kwa mwiko kama kengele.

Usiku ule alilala kitandani kwake. Asubuhi alipopita mlangoni kwangu na kukohoa, nilichungulia mgongo. Kaki tupu, na kiraka chake.

Dorca alipelekwa hospitali mwezi wa nne, wakati watu wa bara wanalima. Nilikwenda naye. Nilimshika kiuno, na hakulia kwa hofu, alilia kwa uchungu tu, na huo ni halali. Akazaa msichana. Wakamwita Nelima, kwa kuwa kwao Wabukusu ni jina la msimu wa kulima. Nikatangulia kurudi kuwasha moto na kuchemsha maji, wao wakaja siku iliyofuata mchana.

Nikasikia kikohozi. Nikajifunika leso, lakini sikuugeukia ukuta moja kwa moja. Mlango wangu ukawa giza, na mgongo ukaingia. Alikuwa anakuja kinyumenyume kwenye nyumba yangu, kwa mara ya kwanza, mikono imekunjwa mbele, amebeba kitu. Nje Dorca alikuwa ameegemea bega la Rosa.

"Mama," alisema Dorca, "amekataa nimbebe. Anasema wa kwanza kumpokea nyumbani uwe wewe."

Na nyuma ya kisigino chake palikuwa na debe la maji.

Nikaikamata sufuria iliyokuwa jikoni, nikaiinua.

"Sufuria," nikasema, "mwambie baba Nelima asimame. Kuna debe."

Akasimama, mguu mmoja juu.

"Mwambie hatua moja kushoto. Kushoto kwake, sio kwangu. Sasa moja nyuma. Ndogo. Mwambie ya pili ameikanyaga salama."

Rosa alikuwa anacheka mpaka anashika nguzo, na nguzo ikashikilia. Walubengo akapiga magoti polepole, bado amenipa mgongo, akaileta mikono nyuma upande mmoja, kwa shida, kama mtu anayeficha zawadi. Nikapokea kutoka chini. Vidole vyetu havikugusana, kati yetu alikuwepo Nelima, mzito kuliko nilivyodhani, amelala.

"Sufuria," alisema Walubengo, akitazama nje, "muulize Mama anafanana na nani."

Nilimtazama mtoto. Nilitaka kusema, lakini ningejuaje? Pua ya baba yake sikuwahi kuiona.

"Mwambie," nikasema, "akigeuka kidogo, nitajua."