Aliyerudi Kwenye Daftari

Kufika saa tisa alasiri, mshonaji alikuwa ameshakunja nguo za mumewe mara tatu. Mume aliondoka saa mbili asubuhi na fimbo yake, kuzunguka ziwa kwa njia yenye alama za njano. "Saa nne nimerudi," alisema. Na alikuwa mtu wa saa kwelikweli. Kazini walimbatiza Bwana Saa.

Kambi ilikuwa kimya, na simu hazikushika mtandao. Hema walinunuliwa na binti yao, baada ya daktari kusema kwamba dawa ya pili ya kisukari cha baba ni miguu yake mwenyewe. Mshonaji aliinua mto ili aupange tena, akaona chini yake kimfuko cha pipi, zile za kumwokoa sukari inaposhuka. Alikuwa ameondoka bila hata moja.

Alishuka hadi kibanda cha langoni na kimfuko mkononi, nusu anatembea, nusu anakimbia. Ndani alikuwamo askari wa hifadhi, msichana wa rika la binti yake.

"Mwanangu, mume wangu hajarudi."

"Shikamoo mama. Hebu kaa kwanza." Askari alifungua daftari ambalo kila mtembeaji huandika saa ya kuondoka na ya kurudi, kisha hutia sahihi. "Si huyu hapa? Katoka saa mbili, karudi saa nne kamili."

Sahihi ilikuwa ya mumewe, mkia wake mrefu ukivuka mstari.

"Atakuwa amelala kivulini mahali. Leo tuko wawili tu, mama, na mwenzangu yuko mlimani anaondoa mti ulioanguka. Tukianza kumtafuta aliyerudi, asiyerudi atatafutwa na nani?"

Maneno ya haki kabisa, na ndiyo yaliyozidi kumtisha, kwa sababu yeye alijua. Miaka thelathini na mmoja mumewe alikuwa karani wa masjala, na kila asubuhi alitia sahihi ya kuingia na ya kutoka kwa mkupuo mmoja, ati jioni asipange foleni. Mkewe alimsema weee, mpaka akachoka. Mazoea yana taabu. Siku ya kustaafu wakampa cheti cha kutokosa sahihi hata siku moja! Cheti kiko sebuleni, na mgeni huonyeshwa kabla hajapewa kiti. Siri ilikuwa yao wawili, na mshonaji alikuwa ameapa kufa nayo.

Lakini sasa nani angekufa nayo? Mficha uchi hazai.

"Mwanangu," alisema, akiona kama anamvua mumewe nguo mbele ya mtoto, "hiyo saa nne aliiandika saa mbili." Akaeleza yote, cheti na foleni, uso ukimwaka kwa aibu.

Askari aliinama tena juu ya daftari. Wote waliorudi waliandika saa na dakika zake. Huyu peke yake alirudi saa kamili, kwa wino uleule aliotumia kuandika kutoka. Alichukua redio akamwita mwenzake.

Mshonaji aliambiwa abaki kibandani, lakini akamfuata askari njiani. Kila kona ya njia aliita, "Baba wa watoto!" na kila kona ziwa lilikaa kimya. Alianza kuogopa kuita. Walipofika kwenye daraja la mbao, askari alichungulia chini, akaruka.

Mume alikuwa kaketi kwenye tope, kifundo cha mguu kimevimba, shati limelowa jasho, mikono inatetemeka. Mshonaji alimtia pipi mdomoni, kisha ya pili, akamshika kichwa mpaka macho yakatulia.

"Niliteleza hata saa tatu haijafika," alisema taratibu. "Nikapiga kelele. Halafu nikakumbuka daftari. Nikanyamaza. Nani atakuja? Nimesharudi."

Mume alimtazama askari, akamtazama mkewe.

"Umewaambia?"

Hilo ndilo swali aliloliogopa njia nzima. "Nimewaambia. Yote."

Mume aliukamata mkono wake kwa viganja vyote viwili, vyenye tope.

"Tangu asubuhi," alisema, "naomba Mungu usinifichie siri ile."