Jina la Dominiko

Mimi sikulia. Nalisema mapema ili mtu asije akanisubiri. Kaka yangu Dominiko alianguka pale Bigwa akiwa anafunga koki ya tangi la maji, presha, na walipomfikisha hospitali alikuwa ameshakata roho. Simu ilinikuta masjala, faili mkononi. Nikalirudisha faili mahali pake kwanza, nikaandika kwenye kitabu kwamba limerudi, ndipo nikaondoka. Watu wa ofisini wanalisimulia hilo mpaka leo. Waache wasimulie.

Dominiko alikuwa mtu wa watu. Bomba likipasuka aliitwa yeye. Makaburi alichimba, kwaya aliimba, wagonjwa aliwashusha kutoka milimani kwa pikipiki yake. Na Jumamosi alicheza besiboli. Ndiyo, besiboli, Morogoro hii hii. Mwalimu mmoja wa kujitolea aliuleta mchezo shuleni zamani, akaondoka, mchezo ukabaki kwa watu kumi na wawili wasio na haya. Wenyeji waliuita rede ya wanaume, kwa ule mchezo wa wasichana wa kumlenga aliye kati kwa mpira. Akina mama wakipita na ndoo zao wanauliza, leo nani yuko kati? Dominiko anacheka nao. Yeye ndiye aliyekuwa mrushaji wa timu, na alirusha kwa mkono wa kushoto. Walishinda mara chache sana. Hilo halikumnyima usingizi.

Mimi nilikwenda kutazama mara mbili. Mara ya pili niliumwa na siafu, nikaona inatosha.

Sasa, kwetu Uluguruni mtu hafi na jina lake. Tanga la msiba likimalizika ukoo unakaa, na jina la marehemu anapewa ndugu wa tumbo moja au mpwa wake. Ukishapewa, umekuwa yeye. Watu wanakuamkia kama walivyomwamkia yeye, na mwenye neno lake na marehemu anakuletea wewe. Mambo ya kurithi mke yaliachwa zamani. Neema, mjane wake, alibaki na watoto wake na nyumba yake Bigwa, hakuna aliyemgusa. Lakini jina ni jina. Dada hatukujaliwa, kwa hiyo na wapwa hakuna. Nilibaki mimi.

Na mimi sikulitaka. Miaka arobaini na minne nimekuwa mdogo wake Dominiko. Kanisani, sokoni, hata kwenye harusi yangu mwenyewe mtu alinishika mkono akasema hongera, wewe si ndiye mdogo wake Dominiko? Masjala tu ndiko nilikokuwa Eustace. Leo mnichukulie na hicho kidogo? Niliapa kwamba nitapanda Kinole, kijijini kwa mama, kumaliza tanga, nitakula wali, nitashuka zangu mjini.

Nilipofika, mjomba Stefano, mkubwa wa ukoo wetu, aliniita pembeni kwenye migomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nasikia unasitasita."

"Sisiti, mjomba. Nakataa."

Hakukasirika. Angekasirika ningepata pa kushikia. Aliondoa jani kavu la mgomba, akalikunja.

"Mama yako ana siku arobaini anakula uji vijiko vitatu," alisema. "Hamwiti mtu. Ukimwita anaitika, basi. Jina likikaa bila mwenyewe, Bernadeta mama yako atalifuata huko huko. Nakuambia mapema, ili tukija kumzika usiseme hukuambiwa."

Kisha akaanza kulalamikia bei ya mananasi.

Niliingia ndani. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, uso ukutani. Nikamwamkia, akaitikia bila kugeuka. Shingo yake ilikuwa imekonda, mifupa unaihesabu. Nikaitazama ile shingo nikingoja moyo useme kitu, haukusema. Hapo niliogopa kidogo. Mtoto gani anaangalia shingo ya mama yake kama anaangalia faili? Nikatoka nikamwambia mjomba sawa, kama vile mtu anavyosaini kupokea barua ya mwenzake.

Asubuhi wakanikalisha kwenye kigoda uani, wakanipaka unga kwenye paji la uso. Mama walimtoa nje, wakamweka barazani akae aone. Zamani mrithi alipewa upinde au mundu wa marehemu. Dominiko hakuwa na upinde. Wenzake wa timu walikuwa wamepanda kutoka Bigwa na jezi zao zilizopauka, na Abuu, mdakaji wao, alileta glovu ya kaka yangu, ile ya ngozi ya kudakia mpira, imeshonwa kwa uzi wa viatu. Mjomba akaipokea kwa mikono miwili, akasema maneno ya ukoo, akaanza kunivalisha mkono wa kushoto. Haikuingia. Akasukuma. Akaomba kwa wahenga, akasukuma tena. Watu wakaanza kutazamana, na bibi mmoja akanong'ona kwamba jina limekataa.

Abuu akakohoa. "Mzee, samahani. Marehemu alikuwa mashoto. Hiyo inavaliwa kulia, kushoto ndio mkono wa kurushia."

Ikavaliwa kulia, ikaingia.

"Sasa arushe tumwone," alisema Maneno, mtani wa ukoo wetu, ambaye tangu alfajiri alikuwa anaigiza tunavyopenga kamasi.

Mkono wa kushoto mimi sijawahi kushikia hata kijiko. Abuu akaniwekea mpira mkononi, nikarusha. Mpira ukaenda hatua tatu, ukagonga sufuria ya wali, ukalala.

"Ndiye mwenyewe," Maneno akasema. "Huyu tangu lini alilenga kitu?"

Wakacheka. Abuu alicheka mpaka akakaa chini. Na barazani mama naye alicheka, kidogo, kiganja mdomoni. Wanawake wote wakageuka kumtazama, kisha wakajifanya hawakumtazama.

Baada ya chakula nikasikia ananiita.

"Dominiko."

Ilinichukua muda kugeuka. "Naam, mama."

"Njoo ukae hapa."

Nikakaa. Mapajani alikuwa na sahani ya wali, nusu imeliwa. Mama yangu hajapungukiwa na akili, nalisema hilo wazi. Alijua aliyekaa mbele yake ni nani, na alijua jina lake la leo ni nani. Akanifuta unga usoni kwa kona ya khanga, jambo ambalo tangu nikiwa mtoto sikumbuki kufanyiwa.

"Nina neno na wewe juu ya mdogo wako," alisema. "Hakulia. Siku arobaini, hata tone. Nilimwogopa, Dominiko. Nikageukia ukuta nisimwone."

"Ndiyo, mama."

"Nilikupenda wewe waziwazi, yeye nikamwacha ajilee. Kosa ni langu. Kwake siwezi kulisema, nikimwangalia ulimi unakufa. Wewe anakusikiliza. Mwambie kama hawezi kulia asilie. Ila aje. Nimebaki naye huyo mmoja."

Glovu ilikuwa bado mkononi mwangu. Nikaangalia ile mishono ya uzi wa viatu.

"Nitamwambia."

"Unadhani atakuja?"

Nikamwambia sijui, kwamba hata mimi, kaka yake mkubwa, sikuwahi kumjua vizuri.