Propela ya Mulinge

Boliti ya tatu ndio ilitoa siri. Ndululu aliikaza kwa spana, akasikia mbao inalia, halafu karibu na tundu kukatokea mstari mwembamba kama unywele. Akapitisha kidole. Kidole kikarudi cheusi.

Polishi ya viatu.

"Bro," aliita, sauti chini. "Hapa ulijaza nini?"

Mulinge, kakake mkubwa, alisogea akijifuta mikono kwa suruali. Maisha yake yote alichonga twiga wa kuuzia watalii, na hii propela ya ndege aliyojiundia Ndululu aliichonga na mwarobaini uleule.

"Ni kaufa kadogo tu. Nilitia gundi na unga wa mbao, nikapaka. Kila twiga wangu ako na moja."

"Twiga hazunguki, Mulinge."

Nyuma yao uwanja wa shule ulikuwa umejaa, mji mzima wa Kyuso. Pasta alishaombea ndege. Kaluki wa duka akapaza sauti: "Ndululu! Kama hairuki utuambie turudi kupura ndengu!" Watu wakacheka vibaya.

"Tuwaambie si leo," Ndululu akasema. "Tuchonge ingine."

Mulinge alimwangalia kama ametemewa mate. Pikipiki yake, ile ya kubebea watu, ilibaki mifupa nyuma ya choo. Injini yake ndio hii hapa mbele ya ndege.

"Nilikupea kila kitu. Sasa utasimama mbele ya hawa watu useme kazi yangu ni takataka?"

"Sijasema hivyo."

"Basi panda. Mimi ndio nitazungusha."

Ndululu akapanda. Alijiambia itanguruma kidogo tu, kaka asikie, halafu azime. Mulinge akashika mbao kwa mkono wa kulia, ule wa kuchonga, akavuta. Injini ikakohoa. Akavuta tena. Ikashika.

Watu wakashangilia. Mulinge hakurudi nyuma. Alisimama palepale, mkono juu, kama anayewaonyesha. Ndege ikaanza kutetemeka. Ndululu akarusha mkono kwa swichi, na kabla afike, mbao ikapasuka kama risasi.

Injini ilipozima, nusu iliyobaki bado ilikuwa inazunguka, pole pole. Mulinge alikuwa amekaa kwa vumbi. Kaluki alimfunga ule mkono wa kulia na leso yake, akafunga tena juu, na leso ikazidi kubadilika rangi.

"Ndululu," Mulinge aliuliza. "Ile nusu ingine iko wapi?"

Ndululu akaangalia. Ng'ambo ya ua wa shule, katikati ya shamba la ndengu, ilikuwa imedunga udongo, imesimama wima.

"Iko mbali, bro."

"Ilipaa?"

"Ilipaa."

Mulinge akaitikia kwa kichwa, macho yakiitafuta.