Miwani Iliyozidi Nguvu

Sethunya alifundisha hesabu pale Palapye, Botswana. Kengele ya mapumziko ikilia, wenzake walikimbilia chai na magwinya, maandazi ya huko, yeye akajifungia stoo ya vitabu. Hakuwachukia. Ila watu walimchosha, na akichoka macho yake yalijaa ukungu, hata akiwa na miwani. Kila mwaka aliongezewa nguvu ya lenzi, na kila mwaka kichwa kilizidi kumuuma.

Dada yake ndiye aliyemburuta kwenye mafunzo ya Mma Gaborekwe, Jumamosi asubuhi, ukumbi wa kanisa. Mama huyo aliahidi kuponya macho bila miwani: kuyafunika kwa viganja, kuyapepesa, kutazama mbali. Hayo Sethunya aliyapenda, maana yalifanywa kimya. Kisha Jumamosi moja wakaambiwa wageuziane viti, wawili wawili, watazamane usoni.

Akaangukia kwa Rra Seabelo, dereva wa treni mstaafu, mzee asiyejua kunyamaza.

"Nitazame, mwalimu. Siumi."

"Nakutazama, rra."

"Unatazama sikio. Lina nini, nta?"

Watu wakacheka. Sethunya akasukuma mkoba chini ya kiti. Akajilazimisha kuinua macho. Uso wa mzee ukayeyuka kama sabuni majini.

"Unaona?" Mma Gaborekwe alikuwa amemwinamia.

"Ukungu mtupu, mma."

"Kwa sababu hutaki kuona! Ukijificha ndani ya nafsi yako, na macho yanajificha. Changamka, mwanangu!"

Sethunya akanyakua mkoba akatoka bila kuaga. Alikwenda mbio mbio, akapita maduka mpaka relini, amejaa hasira asijue amkasirikie nani. Alipopunguza mwendo hapakuwa na mtu. Miwani ilikuwa mkobani. Ng'ambo ya reli kulikuwa na bango la duka la mbegu, naye akajikuta analisoma lote, hata namba ya simu. Akapepesa macho. Maandishi yakabaki pale pale.

"Dumela, mma!" Mwanamke mmoja alipita akisukuma toroli.

Sethunya akaitikia salamu, akarudisha macho kwenye bango. Ukungu.

Jumatatu hakutulia darasani. Alifuta ubao kabla wanafunzi hawajanakili. Vipindi vilipoisha akaenda kwa Tshenolo, kijana aliyempima macho miaka yote.

"Kila ukinipima, unakaa hapa, magoti yako karibu yaguse yangu."

"Sasa nikae wapi, mma, darini?"

"Toka nje. Nitakusomea kwa sauti."

Kijana akacheka, kisha akaona hatanii. Akatoka, akasimama nyuma ya mlango. Sethunya alizunguka chumba kwanza, akakaa, akavuta pumzi, akasoma herufi za ukutani. Alivuka mstari aliozoea kukwamia, akavuka na uliofuata.

"Hukusogeza kiti?"

"Njoo ukitazame."

Tshenolo akamtia matone ya kulegeza misuli ya macho, akasubiri, akapima upya kwa mashine. Alipomaliza hakuwa na mzaha tena.

"Mtu akikukaribia unakaza macho. Misuli ya ndani inajifunga kama ngumi. Mimi nikadhani huoni, nikakuongezea lenzi, kumbe nakuongezea mzigo. Nisamehe. Miwani bado utavaa, ila nyepesi kuliko hii."

"Kwa hiyo macho yangu yana aibu?"

"Shuleni hawakutufundisha hivyo, mma. Lakini sitabisha."

Habari zilimfikia Mma Gaborekwe kabla ya Jumamosi. Sethunya alirudi kwa ajili ya yale mazoezi ya kimya; hajakaa vizuri, akaitwa.

"Njoo mbele, mwanangu! Toa ushuhuda!"

Makofi yakapigwa. Mbele ya Sethunya nyuso zikaanza kuyeyuka.

"Miwani bado ninayo, mma. Imepunguzwa nguvu tu. Na mbele siji."

"Utapona vipi ukiogopa watu?"

"Siwaogopi. Mnanichosha."

Mma Gaborekwe akashika kiuno. Kisha Rra Seabelo akacheka mpaka akakohoa. "Hata mke wangu ananiambia hivyo hivyo!"

Sethunya akageuka kumtazama. Akaona chunjua kando ya jicho la mzee, meno mawili yaliyopishana, machozi ya kicheko yakiteremka shavuni. Akaviona vyote waziwazi, mzee angali anacheka. Kisha wengine nao wakamgeukia Sethunya, na ukungu ukarudi.

"Naenda nje kidogo," alimwambia mzee. "Nikirudi, usiniongeleshe papo hapo."

"Nitajaribu, mwalimu. Lakini usichelewe."

Akachukua mkoba, akatoka kwenye jua.