Kuasa na Kuasi

Mimi Gilbert, mkalimani wa korti ya Voi, simpendi mtu anayeboronga Kiswahili. Nilikaa Mombasa miaka sita nikajifunza chenyewe hasa, na nikiwasikia watu wetu wa mlimani wanavyokivunjavunja, nakereka. Nasema mapema ili mjue niliingia kesi ya Mkamburi na kiburi changu mfukoni.

Ilikuwa 1954, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikipigana na waasi. Bwana Shauri, yule mzungu kijana aliyekuwa akihukumu, alikuwa akilisikia neno kuasi, shingo inamwiva. Aliyekataa amri alipewa kazi ya siku chache akaenda zake. Aliyeasi alipelekwa kambi ya kizuizini, na hakuna aliyejua atarudi lini.

Mkamburi alitoka upande wa Wusi, na alikuwa na mtoto wa miezi minne. Asubuhi ile alisimama mbele yetu bila mtoto, ameshika furushi, maziwa yamemlowesha kanga kifuani. Niliona haya, nikatazama dirishani. Aliyemshtaki ni Silvanus, mzee wa mtaa, ambaye kila Jumanne aliwasimamia wanawake kuchimba matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua.

"Huyu mama ameasi," Silvanus akasema. "Alitupa jembe mbele yangu, na wenzake thelathini wakatupa yao, wakaondoka."

"Kwa sababu gani?" Bwana Shauri akauliza kupitia kwangu.

Silvanus akaanza kuumauma maneno. Mwisho akatoa: Milka, mwenye mimba ya miezi saba, aliomba apumzike. Yeye akamkatalia. Milka akaanguka palepale kwenye tuta, na mimba ikatoka siku hiyohiyo. Aliyasema hayo huku anajikuna shingo, kama mtu anayeeleza habari ya mbuzi aliyepotea. Nilitamani kumzaba kofi.

Bwana Shauri akamgeukia Mkamburi, akamuuliza mwenyewe kwa kile Kiswahili chake cha mtihani. "Wewe mama, ulifanya nini?"

"Niliasi na wanawake."

Loo! Moyo ulinilipuka. Bwana Shauri alikuwa ameshachovya kalamu kwenye wino.

"Amekiri," akaniambia kwa Kiingereza. "Amesema ameasi. Sivyo?"

Nilikuwa nimekula kiapo kutafsiri kilichosemwa, basi. Nikiongeza langu, kibarua kitaota nyasi, na siku zile hata mkalimani alitiliwa shaka. Lakini nikiitikia, yule mtoto wa miezi minne hana mama. Nikajikaza kisabuni.

"La, bwana. Anakusudia kusema niliwaasa wanawake. Kuasa ni kumpa mtu nasaha. Aliwashauri waache majembe wambebe mwenzao. Watu wa mlimani huyachanganya maneno haya."

"Na Silvanus naye kachanganya?"

"Silvanus naye ni wa mlimani, bwana."

Akafungua kamusi yake, akaifunga. "Kukataa, kukaidi, kuchochea, kuasi," akasema. "Si ni mambo yaleyale?"

"Hata kidogo! Mtoto akiambiwa akalale akasema hataki, huyo amekataa. Mwambie mara ya tatu, na bado amekaa anakutazama tu, amekaidi. Akiwaamsha ndugu zake nao wasilale, amechochea. Lakini akikwambia wewe si baba yake na nyumba hii si yako, hapo ndipo ameasi. Mama huyu hakufika huko. Alimwona ndugu yake ameanguka."

Gari moshi likapiga honi stesheni, naye akachovya kalamu tena. Kisha akaandika. Kukaidi. Siku kumi na nne za kuchimba matuta, chini ya Silvanus.

Nilimfuata Mkamburi nje barazani. Sifichi, nilikwenda kupokea shukrani.

"Gilbert, kaka yangu," akasema, "kuasa nakujua. Mama yangu ameniasa tangu nikiwa mdogo. Mimi nilisema kuasi."

"Ungepelekwa kambini, wewe! Na mtoto je?"

Akafungua furushi. Ndani mlikuwa na blanketi, gauni moja na kipande cha sabuni. "Mtoto yuko kwa dada yangu Wakio, anakunywa maziwa ya ng'ombe, leo siku ya tatu. Nilimwachisha huku nalia. Tulikubaliana, mimi na wale thelathini: mimi nitalisema neno lile kortini, na wao Jumanne hawatashika jembe. Sasa wataambiwa Mkamburi alisema alikuwa anatoa nasaha tu. Na watanikuta kwenye tuta, nimeinama mbele ya mtu aliyemuua mtoto wa Milka."



"Nilikuwa nakuokoa," nikasema.

"Najua. Na mtoto wangu nitamnyonyesha leo, na nitafurahi, Mungu anisamehe." Macho yalikuwa yamemjaa maji, lakini sauti ilikuwa ya hasira. "Lakini wewe Kidawida, lugha yetu, unakijua. Umenyonya nacho. Ungeniuliza."

Akalifunga furushi, akashika njia ya Mwatate kurudi kwao kwa miguu, anakwenda mbio, kifua kimelowa tena.